Barua za Watoto Waliokwenda Mbali: Habari za Wazazi wa Ufipa na Waandishi Wao

Watu walioandika juu ya Ufipa wamependa kueleza habari za wahunzi na tanuru zao ndefu za udongo, za wafumaji wa nguo za pamba, na za watawala wa Nkansi na Lyangalile. Yote hayo yastahili kuandikwa. Lakini liko jambo lingine ambalo mara nyingi hupitwa kimya, kwa sababu wale waliolifanya hawakulihesabu kuwa ni historia. Walilihesabu kuwa ni kazi ndogo ya Jumapili baada ya Misa. Nalo ni kuandika na kusoma barua baina ya wazazi waliobaki katika nyanda za juu za Ufipa na watoto wao waliokwenda kutafuta fedha katika mashamba ya mkonge, katika machimbo ya dhahabu na katika migodi ya shaba.

Kazi hiyo ilikuwa ya walimu na makatekista. Wazazi hawakujua kusoma. Watoto wengi walijua kidogo, au hawakujua kabisa. Basi kati ya mzazi na mtoto alisimama mtu wa tatu mwenye kalamu, na kati ya Kifipa cha mzazi na ile karatasi ilisimama lugha ya pili, yaani Kiswahili. Nataka kueleza jinsi maneno ya baba na mama yalivyopita katika milango hiyo miwili, kipi kilipita salama na kipi kilibaki nje.

Kwanza sababu ya kuondoka. Wadachi walitangaza kodi ya nyumba mwaka 1897, na Waingereza waliowafuata hawakuifuta. Kodi ilitakiwa kwa fedha, na Ufipa ulikuwa na ulezi, maharage na mifugo, lakini fedha haba. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Mtu wa Ufipa aliyetaka kuifikia alikuwa na mwendo wa siku kadhaa kushuka ziwani, kisha safari ndefu ya maji. Mzigo wa ulezi haukuweza kulipa gharama ya njia hiyo. Fedha haikuja Ufipa, basi Wafipa waliifuata. Upande wa mashariki ulikuwako mkonge, ambao Dk. Richard Hindorf aliuleta nchini mwaka 1893, na ambao baadaye uliifanya Tanganyika kuwa ya kwanza duniani kwa zao hilo. Huko Lupa, nchi ya Chunya, dhahabu ilionekana mwaka 1922. Na kusini, ng'ambo ya mpaka, migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini ilianza kuita watu kwa wingi katika miaka ya mwisho ya 1920 na kuendelea.

Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda chama cha kuandikisha wafanyakazi, kilichojulikana kwa jina la SILABU. Wajumbe wake walikwenda katika nchi za mbali zisizo na mazao ya biashara, wakaandika vijana na kuwapeleka mashambani kwa mkataba. Watu hao ndio walioitwa manamba. Neno hili lastahili kuangaliwa na wapenzi wa lugha. Mtu aliyeandikwa kazi alipewa namba, akaitwa kwa namba. Kisha kiambishi cha ma- kikamtia katika ngeli moja na mawe na majembe. Wazee waliopata kwenda huko hawalitamki neno hili kwa furaha, na mtu asiyekwenda asiwatanie nalo.

Namba hiyo ilikuwa na kazi yake hata katika barua. Wafipa wengi walikuwa wamebatizwa, nao wakachukua majina ya watakatifu. Basi katika shamba moja la mkonge walikuwako akina Yosefu na akina Petro wengi mno. Mzazi aliyetaka barua yake imfikie mwanawe ilimpasa kuitaja namba. Mzee mmoja katekista, aliyeandika barua za watu zaidi ya miaka 20, aliniambia kwamba akina mama walijifunza kuzikariri namba za watoto wao kama walivyokariri sala, ingawa hawakujua kuhesabu kwa Kiswahili hata kufika mia.

Kabla ya karatasi habari zilikwendaje? Kwa kweli mara nyingi hazikwenda. Tunaye shahidi mkubwa katika nchi yetu. Adrian Atiman, daktari wa Karema, alizaliwa upande wa Timbuktu karibu na mto Niger. Alitekwa akiwa mtoto mdogo, akauzwa, akakombolewa na Mapadri Weupe katika Algeria, akasomea uganga huko Malta, akafika Karema mwaka 1889, akatibu watu hapo hata alipofariki mwaka 1956. Hospitali yetu ya Sumbawanga yaitwa kwa jina lake. Watu humkumbuka kwa dawa zake, nao wana haki. Mimi kila nipitapo mbele ya hospitali ile huwaza zaidi juu ya wazazi wake. Mtoto aliyetekwa hakuwa na anwani, wala mzazi wake hakuwa na mahali pa kupeleka swali. Wapagazi waliochukuliwa katika vita ya 1914 hata 1918 walitoweka karibu vivyo hivyo: mtu alitwaliwa na mzigo kichwani, na kama hakurudi, hakuna aliyejua alilala wapi.

Kwa hiyo barua ilipokuja haikuwa jambo dogo. Tazama njia yake. Kijana alitelemka kutoka nyanda za juu hata Kipili au Kasanga, mama akiwa amemfungia unga wa ulezi, akangoja meli. Meli yenyewe ni Liemba, ambayo Wadachi waliiita Graf von Götzen. Waliizamisha wenyewe mwaka 1916 isitwaliwe na adui, ikainuliwa mwaka 1924, ikaanza tena safari mwaka 1927. Kutoka Kigoma alipanda gari la moshi hata Morogoro, kisha akashika njia ya kwenda Korogwe na Tanga. Wengine baadaye walikwenda kwa motokaa kupitia Mbeya. Njia iyo hiyo aliyopita mtu ilipitwa na barua yake, ikifika baada ya majuma mengi, mara nyingi kwa anwani ya misioni: Kate, Chala, Mwazye, Karema. Padre alitoa mfuko baada ya Misa, akaita majina. Aliyesikia jina lake aliitwaa karatasi kwa mikono miwili, akaenda moja kwa moja kwa mwalimu.

Sasa nieleze barua yenyewe. Mwanzo wake ulikuwa karibu sawa kila mara: salamu nyingi, kisha “ama baada ya salamu”, kisha habari ya kwamba mwandishi ni mzima, na hofu yake ni juu ya wale walio mbali. Maneno haya hayakuzaliwa Ufipa. “Ama baada” ni Kiarabu. Yalikuja na barua za wafanyabiashara wa pwani, na walimu wa misioni wakayapokea pamoja na lugha, wakiweka mbele yake jina la Yesu na Maria. Sioni aibu katika hilo. Lakini tuangalie lililotokea. Kijana wa Kifipa alipokutana na baba yake aliinama, akapiga makofi taratibu, akangoja kuulizwa; kimya chake kilikuwa sehemu ya heshima. Karatasi haijui kuinama. Mwandishi asiye mwangalifu alianza, “Baba, nakuarifu,” na baba akasikia mtoto wake akisema naye kama karani. Wazee wengi walimwuliza mwalimu, “Je, alipiga makofi kabla ya kusema hayo?” Na mwalimu mwema alijibu kwamba alipiga. Sidhani alisema uongo; alitafsiri.

Upande wa pili ulikuwa mgumu zaidi. Baba alipotoa maneno ya kumpelekea mwanawe, hakusema moja kwa moja, “Rudi nyumbani.” Alisema habari za mvua, za ng'ombe aliyezaa, za paa la nyumba linalovuja upande wa mashariki, za jirani aliyeoza binti yake. Mtoto aliyelelewa vizuri alisikia katika hayo yote wito wa kurudi. Lakini mwalimu kijana, aliyefundishwa shuleni kwamba barua iwe fupi na yenye maana, aliandika, “Baba anakuamuru urudi upesi.” Nimeona barua za namna hiyo. Naamini ziko nyumba zilizovunjika kwa sababu ya neno “anakuamuru”, ambalo baba hakulitamka. Kijana alikasirika, akakaa miaka mingine mitatu.

Jambo lingine lililowachanganya wazazi ni hesabu ya siku. Mashambani kazi ilihesabiwa kwa kipande, yaani karatasi ya siku 30 za kazi. Siku ambayo mtu hakufanya kazi, kwa ugonjwa au kwa uchovu, haikuandikwa, na mshahara haukutolewa mpaka siku zote 30 zitimie. Basi kipande kimoja chaweza kuchukua siku 40 au zaidi. Kijana aliandika kwamba amebakiwa na vipande sita, kisha atarudi. Mwalimu ambaye hakupata kwenda mkonge alisoma, “Amebakiwa na miezi sita.” Mama akahesabu miezi sita kwa kuandama kwa mwezi, wa saba ukaandama, na wa nane, naye mtoto hakuonekana. Wengine walianza kuombolezea watu walio hai. Katekista yule niliyemtaja alikwenda mwenyewe kumwuliza mtu aliyerudi kutoka Korogwe maana ya kipande, na tangu siku ile hakulitafsiri neno hilo tena. Aliliacha kama lilivyo, akaeleza kwa mdomo. Hiyo ndiyo akili ya mfasiri mwema, kujua neno lisilotaka kufasiriwa.

Siri haikuwako. Barua ilisomwa barazani, na majirani walikuja kusikiliza, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na mtu wake huko, nao walitumaini jina lake litatajwa mwishoni katika orodha ya salamu. Orodha hizo zilikuwa ndefu kupita habari zenyewe, na mwalimu aliyeziruka ili amalize upesi alichukiwa. Mambo ya nyumbani yalisemwa kwa mafumbo. Mume aliandika: “Lile jembe nililoliacha mlangoni, msimwazime mtu.” Watu wote barazani walijua kwamba jembe ni mkewe, na mke mwenyewe alikuwako akisikiliza, lakini kwa kuwa lilisemwa jembe, hakuna aliyeaibika, na mwalimu aliendelea kusoma bila kutabasamu. Ndipo mke naye aliweza kujibu kwa njia ile ile kwamba jembe halijaazimwa, ila mpini wake unaliwa na mchwa.

Fedha ilikuja kwa hawala ya posta, au kwa mkono wa rafiki anayerudi, pamoja na shuka, blanketi au jembe jipya. Wazee walimwamini mtu kuliko karatasi. Mtu aliyerudi aliulizwa: amenenepa? anakohoa? anakula na nani? Mambo hayo barua haikuyajibu kamwe, kwa sababu ya ile kawaida ya kusema “mimi ni mzima”, ambayo mtu huiandika hata akiwa kitandani. Wala sifichi kwamba wako waandishi waliokula fedha za wajane, wakasoma shilingi 10 palipoandikwa 20. Walikuwa wachache, lakini walitosha kuufanya ukoo mzima uhame kwa mwandishi mmoja kwenda kwa mwingine.

Katika miaka ya vita vya pili askari wa Tanganyika walipelekwa hata Burma, na barua zao zilipita katika mlango wa tatu, yaani mkaguzi wa jeshi. Nyingi zilifika bila kutaja mahali. Mzazi aliambiwa tu kwamba mtoto yuko “katika kazi ya Mfalme”.

Ipo barua nyingine ambayo ndugu zangu mapadri wanayo makabatini mwao, na pengine hawakupata kuitazama kama barua: ni kitabu cha ubatizo. Amri ya Papa Pius X iitwayo Ne Temere, iliyoanza kutumika siku ya Pasaka mwaka 1908, iliagiza kwamba ndoa ya Mkristo iandikwe pia katika kitabu cha ubatizo cha parokia alikobatizwa. Kijana wa Ufipa aliyetaka kuoa huko Tanga alihitaji cheti cha ubatizo kutoka kwao. Na akiisha kuoa, paroko wa kule alipeleka habari kwa paroko wa huku, naye akaiandika pambizoni: jina la mke, mahali, tarehe. Yawezekana kijana hakupeleka barua miaka saba, lakini pambizo la kitabu likamtangaza. Wako wazazi ambao habari ya mkwe wao waliipata kwa padre. Baba mmoja, yasemekana, aliomba aonyeshwe mstari ule. Hakujua kusoma, lakini aliugusa kwa kidole, akauliza jina la baba wa mwanamke yule, na jina halikuwako. Akasema kwamba ndoa isiyo na jina la baba wa mke haijesha kuandikwa. Kwa sheria ya Kanisa alikosea. Kwa mila ya Kifipa, ambayo huunganisha koo mbili wala si watu wawili tu, sijui kama tunaweza kumcheka.

Mambo haya si ya Ufipa peke yake. Wenzetu wa Ireland, nchi iliyotoa wamisionari wengi waliokuja Afrika ya Mashariki, waliyaonja kabla yetu. Viazi vyao viliozeshwa na ugonjwa kuanzia mwaka 1845, ikawa njaa kuu. Watu kama milioni moja walikufa, na zaidi ya milioni moja walihama, wengi wao wakivuka bahari kwenda Marekani. Uhamaji ukaendelea vizazi vingi baada ya njaa kwisha. Usiku wa mwisho kabla ya mtoto kuondoka, jirani na ndugu waliketi pamoja mpaka alfajiri, kama tukaavyo sisi katika matanga, kwa kuwa wazazi walijua hawatamwona tena. Baadaye ilikuja barua kutoka Marekani, yenye fedha ndani yake, hasa karibu na Noeli; ilisomwa mbele ya majirani wote. Na hapa ndipo wanapofanana nasi sana: katika sehemu za magharibi wazazi wengi walisema Kiayalandi, lakini shule zilizoanzishwa na serikali mwaka 1831 zilifundisha Kiingereza, na barua zikaandikwa kwa Kiingereza. Padre au mwalimu alizisoma na kuzifasiri, kisha akaandika majibu ya mama katika lugha ambayo mama hakuijua.

Tofauti pia zipo. Kwao wasichana waliondoka karibu sawa na wavulana, wakawa watumishi wa nyumbani huko Boston na New York, nao ndio walioleta nauli za wadogo zao. Kwetu waliondoka wavulana, na wasichana wakabaki kulima. Kwa hiyo barua za Ufipa zina habari nyingi za wake na mahari, na za kwao zina habari nyingi za ndugu atakayefuata. Tofauti kubwa kuliko zote ni kwamba Mfipa aliondoka akiwa na mkataba wenye mwisho, na wazazi wake walikuwa na haki ya kumngoja. Haki hiyo ilikuwa na uchungu wake. Mama wa Ireland alilia usiku mmoja kwa mkesha. Mama wa Ufipa hakujua ni usiku gani unaofaa kulia. Huko Nyasaland watu walikuwa na jina kwa mtu aliyekwenda asirudi: machona. Jina husaidia, kwa kuwa mtu akiisha kuitwa hivyo hangojwi tena.

Baada ya Uhuru wa 1961 mambo yalibadilika upesi. SILABU ilikwisha katika miaka iliyofuata, bei ya mkonge ikaanguka, na mwaka 1967 mengi ya mashamba yakataifishwa. Wafipa wengi waliokuwa Tanga walibaki huko huko na watoto wao. Redio, iliyoanza kutangaza kutoka Dar es Salaam mwaka 1951, ikawa mjumbe mpya, na matangazo ya vifo yakasikilizwa kwa kimya kuliko habari za serikali. Leo simu ya mkononi imeondoa kalamu ya mwalimu, na mama asema na mwanawe kwa Kifipa moja kwa moja, bila mlango wowote. Sina la kuongeza juu ya hilo.

Lakini nilikutana na mwisho wa zama za barua nikiwa mtoto, na habari hiyo yahusu jambo ninaloandika. Mwaka 1983, nikiwa na miaka 12, nilikuwa mwandishi wa bibi mmoja, jirani yetu hapa Katandala. Mwanawe aliandikwa na SILABU mwaka 1956, akaenda mkonge upande wa Korogwe, akaoa huko, asirudi. Barua zake zilikuwa chache, nazo bibi aliziweka katika kopo la bati pamoja na rozari yake. Siku moja ilifika barua yenye mwandiko mgeni. Nilianza kuisoma kwa sauti, nikifasiri mstari kwa mstari kama nilivyozoea: salamu, ama baada ya salamu, mimi ni mzima. Mstari uliofuata ulisema kwamba baba amefariki mwezi wa tatu. Mwandishi alikuwa mjukuu.

Niliruka mstari ule. Nilisema, “Anasema hali yake si mbaya.” Kisha nikasoma orodha ya salamu mpaka mwisho. Bibi akafurahi, akaniambia nichukue kalamu, akatoa maneno ya kumpelekea mwanawe: kwamba mvua imechelewa, kwamba mkuyu wa kisimani umeanguka, kwamba mkeka wake bado umekunjwa ukutani. Niliandika yote. Kwa mara ya kwanza sikufupisha neno. Siku ya pili nikaipeleka posta.

Baba yangu alikuwa katekista. Nilipomwambia, alinikemea kwa uongo. Kisha akakaa kimya kitambo, akasema kwamba hata hivyo mauti hayasomwi na mtoto. Alikwenda kuwaita wazee wa ukoo, nao wakaja kwa bibi alfajiri, kabla hajawasha moto, wakaketi chini, wakamwambia kama ipasavyo kuambiwa. Matanga yakakaliwa bila maiti.

Juma moja baadaye aliniita. Niliogopa. Aliniuliza swali moja tu, kama barua ile imekwisha kwenda. Nikamwambia imekwenda. Akasema, “Basi iache ifike. Yuko mtu wa kuisoma.”

Jibu la mjukuu lilikuja baada ya miezi mitatu. Alizaliwa Korogwe, hakujua Kifipa, wala hakupata kuiona Ufipa. Alisema ameisoma barua ile mbele ya kaburi, kwa kuwa ilikuwa ya baba yake wala si yake. Naye alitaka kitu kimoja: majina ya babu zake, kwa mfuatano, ayaandike nyuma ya picha ya baba. Bibi alikaa barazani, akayataja moja moja, kila jina na mahali alipolala mwenye jina. Nilijaribu kuyaingiza katika Kiswahili, kwa mazoea tu: mtoto wa fulani, mtoto wa fulani. Akanizuia. Alisema niandike kama anavyosema yeye. Basi upande wote wa pili wa karatasi ile niliuandika kwa Kifipa, nikibahatisha herufi, kwa kuwa shuleni hatukufundishwa kukiandika. Na kila nilipomaliza jina alinitaka nimsomee, akanisahihisha mpaka likasikika sawasawa.